Gunia Ndani ya Tangi

Wapendwa, kulikuwa na fundi mmoja aliyekuwa akivunja betri kuukuu uani kwake, akitoa madini ya risasi na kuyauza. Msitazamane, hayumo humu. Watu wa mazingira walikwisha kumwandikia barua: kazi hiyo ina sumu, haifanyiki palipo na watu. Barua akaifungia maandazi.

Asubuhi moja akanong'onezwa kwamba wakaguzi wako nyumba ya jirani, wamepanda hadi darini, wamemulika hadi chooni. Wapi hawatachungulia? Akalifunga kamba gunia la betri zilizopasuliwa, akalitumbukiza kwenye tangi la maji ya kunywa, akafunika. Ni dakika chache tu, akajiambia. Mkewe yuko dukani, hana habari.

Wakaja, mama mmoja wa makamo na msaidizi wake. Wakapekua, wakatoka mikono mitupu.

"Fundi, umeacha kweli?"

"Nimeacha, mama. Mimi nina mtoto mdogo, niwe mwendawazimu?"

"Basi ngoja nikuandikie kwamba pako safi."

Kumbe mke karudi kwa mlango wa nyuma, na mnavyomjua mwanamke mkarimu. Huyo kaja na jagi.

"Wageni msiondoke na koo kavu. Nimeyateka tangini sasa hivi."

Fundi akalowa jasho hadi mgongoni.

"Asante dada, tumekunywa chai hapo kwa jirani," mkaguzi akasema, kalamu bado inaandika.

Fundi akashusha pumzi. Mke akamgeukia binti yao wa miaka minne.

"Haya, kunywa wewe uliyenisumbua njia nzima."

Fundi akatazama kikombe, akatazama kalamu. Sahihi bado. Akisema neno, anaondoka na pingu. Mnajua aliwaza nini, baba mzazi yule? Funda moja halina neno.

Akanyamaza. Mkaguzi akatia sahihi. Mtoto akafuta mdomo, akasema, "Mama, niongeze."

Mmenyamaza. Na yeye alinyamaza hivyo hivyo.

Ile sheria aliyoikimbia ilimlinda nani, kama si yule mtoto? Na sisi je? Tukisikia mkaguzi anapita, tunauliza atauona wapi uchafu wetu. Hatuulizi nani ataunywa. Tunamwogopa mwenye kalamu, na Mungu aliyeliona gunia likishuka hatumwogopi. Mkitoka hapa, kabla hamjabandika sufuria jikoni, kila mmoja akafunue tangi lake.