Mwenye Nyumba Aliyependa Watoto

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa na nyumba!

Ya nani?

Ya mwenye nyumba!

Na mpangaji je?

Kazi yake kushukuru!

Haya, shukuruni basi, niwasimulie.

Hapo kale aliishi Bi Nguchiro. Mwili mdogo, mkia mrefu, na kwa kuua nyoka hakuwa na mpinzani. Alikuwa na watoto watatu. Mishi, wa kwanza, alikuwa na akili. Kombo, wa katikati, alikuwa na njaa. Kitinda, wa mwisho, alikuwa na maswali. Baba yao aliingia shimo la nyoka swila asitoke, maana shimo lile lilikuwa na mlango mmoja tu. Tangu siku hiyo Bi Nguchiro hakuipenda nyumba ya mlango mmoja.

Ikaja habari kutoka nchi ya pili, ng'ambo ya mto: Malkia Tembo anatafuta mtu wa kulinda maghala yake dhidi ya nyoka. Bi Nguchiro akaipata kazi. Ndugu na jamaa wakafurahi, wakampa kitu ambacho jamaa hawamnyimi msafiri hata siku moja: ushauri.

"Panga karibu na kazi."

"Panga mbali na kazi."

"Panga karibu na watu wa kwetu, watakusaidia."

"Panga mbali na watu wa kwetu, watakusaidia kukusengenya."

Na wote hao, hakuna hata mmoja aliyewahi kuvuka mto.

Bi Nguchiro akavuka. Siku nne njiani, watoto nyuma, vumbi mbele. Walipofika walikuwa wamebaki mifupa na masikio. Na nchi ile ilikuwa na sheria yake: mgeni hachimbi shimo. Mgeni anapanga. Kazi inaanza keshokutwa, mawingu ya mvua yamejaa, na watoto hawana pa kulala.

Akatokea dalali, Bwana Kenge, ulimi ndani, ulimi nje, lepe, lepe, lepe.

"Mama watoto, umefika! Watu wote niliowapangisha, hakuna hata mmoja aliyerudi kulalamika."

Akambeba Kitinda mgongoni, wakaenda. Nyumba ya kwanza ilikuwa ukingoni mwa mto.

"Mandhari ya maji," akasema Kenge.

Mbele ya mlango alilala Mamba, kinywa wazi.

"Na huyu?"

"Jirani. Mtulivu sana. Hana kelele, hana makuu."

"Watoto wakicheza nje?"

"Atafurahi mno."

Wakaenda nyumba ya pili. Kichuguu, kando ya njia ya Nyati.

"Karibu na kila kitu," akasema Kenge.

Puu! Puu! Puu! Nyati mia wakapita, kipande cha dari kikamwangukia Kombo kichwani.

"Hii hutokea kwa nadra," akasema Kenge.

"Nadra gani?"

"Asubuhi na jioni."

"Bwana Kenge, mimi nina watoto wadogo!"

"Ahaa! Ungesema mapema," akasema Kenge, na Kitinda bado yuko mgongoni mwake.

Wakaenda nyumba ya tatu. Lo! Nyumba kavu, pana, chini ya jiwe kubwa, na uwanja wa kuchezea. Mwenye nyumba alikuwa Bwana Fisi: mabega kama mlango, tumbo kama ngoma. Akatoka anacheka, "Hihihi-hiii! Karibuni, karibuni! Mimi napenda watoto. Napenda watoto kupita kiasi!"

"Shikamoo," wakasema watoto.

"Marahaba, marahaba! Huyu nani? Mishi? Mtamu! Na huyu? Kombo? Mtamu! Na haka kadogo?"

Mate yakamdondoka, to, to, to.

Bi Nguchiro akaingia ndani kukagua. Mlango ulikuwa mmoja. Pembeni akaona kofia mbili ndogo za kitoto, zimetafunwa ukingo. Akazikalia upesi watoto wasizione. Sauti akaituliza.

"Bwana Fisi, wapangaji waliotangulia walikwenda wapi?"

"Wale? Nilikuwa nao karibu sana," akasema Fisi, anajipapasa tumbo. "Mpaka leo hatujaachana."

Kodi hakutaka. Mama akienda kazini, watoto nani atawaangalia? Atawaangalia yeye.

Bi Nguchiro akatazama nje. Mvua ilikwisha kuanza. Nyuma kuna Mamba na Nyati, mbele yuko Fisi. Akainamisha kichwa kama mtu mwenye aibu.

"Mwenye nyumba, nisamehe kwa watoto wangu. Wamekonda, hata kuwaonyesha watu naona haya. Kwetu walikuwa mafuta matupu, wakitembea wanatingishika. Wakizoea ugenini watarudi vilevile. Wewe vumilia tu."

Fisi akambinya Kombo ubavu. Mfupa. Akambinya Mishi paja. Mfupa. Akameza mate.

"Nitavumilia," akasema. "Mimi ni mwenye nyumba mwenye subira."

Alipoondoka, mama akawaambia watoto, "Akija huyo, vuteni matumbo. Fyuu!"

"Fyuu!" wakavuta.

"Kwa nini?" akauliza Kitinda.

"Kwa sababu anatupenda."

Siku ya pili Fisi akaja. "Hodi! Wamenenepa?"

"Fyuu!" wakavuta watoto.

"Bado, mwenye nyumba," akasema Bi Nguchiro. "Hawali. Wanakumbuka nyumbani."

"Wanakumbuka nini?"

"Mayai ya kanga."

Fisi akakimbia porini. Kanga wakampiga mabawa na midomo, ka-ka-ka-ka! Akarudi pua inavuja damu, mayai kumi kinywani, hakulila hata moja. Watoto wakala, Kombo akalamba maganda.

Siku ya nne Fisi akaja. "Hodi! Wamenenepa?"

"Fyuu!"

"Bado, mwenye nyumba. Wanakumbuka nyumbani."

"Wanakumbuka nini tena?"

"Mlango wa uani. Mtoto asiyepigwa na upepo wa uani, chakula kwake hakishuki."

Fisi akachimba. Chaku, chaku, chaku! Akachimba katikati ya mawe mawili, kucha zikang'oka, akatoa mlango mdogo wa kupita mtoto na mama yake. Bi Nguchiro akaupita mara tatu, kwenda na kurudi. Siku hiyo ndiyo ya kwanza kulala usingizi tangu avuke mto.

Siku ya sita Fisi akaja, mbavu zake mwenyewe zinaonekana. "Hodi! Wamenenepa?"

"Fyuu!" Na safari hii ilikuwa kazi kubwa, maana Kombo alikuwa ameviringa kama boga.

"Bado kidogo tu, mwenye nyumba. Wanakumbuka nyumbani."

"Jamani! Huko kwenu kuna nini ambacho hamkukiacha? Haya, nini?"

"Ukumbi mwembamba wa kuingilia. Wakipita wanasuguliwa mbavu, mafuta yanasambaa vizuri mwilini."

"Mwembamba kiasi gani?"

"Pima kwa kichwa chako, mwenye nyumba. Kichwa kikipita, mwili utakosaje kupita?"

Fisi akaona ni akili hiyo. Akabeba mawe, akakanda udongo, puta, puta, puta, akaanzia ndani akirudi kinyumenyume mpaka nje. Akapima kichwa. Kikapita. Akajisifu. Jua likaukausha udongo ukawa kama jiwe.

Siku ya nane, mama yuko kazini ghalani, Fisi akaja mchana. Hakupiga hodi. Amechoka na subira.

Akaingiza kichwa. Kikapita. Akaingiza shingo. Ikapita. Akasukuma mabega. Ng'wii! Akasukuma tena. Ng'wiii! Yakakwama. Mbele haendi, nyuma harudi.

"Kimbieni!" akapiga kelele Mishi. Kombo akachomoka mlango wa uani. Lakini Kitinda? Kitinda akamsogelea Fisi puani.

"Shikamoo, mwenye nyumba. Kwa nini umekwama?"

Kakacha! Meno yakafunga. Kitinda akaruka kugeuka, meno yakabaki na nywele za mkia wake. Mishi akamvuta mdogo wake kwa shingo, akamtoa nje, wakakimbia hadi ghalani wanalia. Bi Nguchiro akamwacha swila nusu mfu, akawapapasa mmoja mmoja, masikio, miguu, mikia, kisha akawapapasa tena.

Huko nyumbani Fisi alikuwa akipiga yowe. Lakini kichwa kiko ndani, yowe nalo likabaki ndani. Nje palikuwa na makalio tu, na wapita njia wakayasalimu kwa adabu, maana ni makalio ya mwenye nyumba.

Bi Nguchiro akaingia kwa uani, akaketi mahali ambapo meno hayafiki.

"Bomoa ukumbi huu!" akaunguruma Fisi. "Mimi ndiye mwenye nyumba!"

"Ndiyo, mwenye nyumba. Tena leo umo ndani ya nyumba yako."

"Bomoa!"

"Nikibomoa, watoto watakonda. Nawe unavyowapenda!"

"Siwapendi!" akalia Fisi. "Siwapendi hata kidogo! Sijawahi kupenda mtoto wa mtu!"

"Hilo," akasema Bi Nguchiro, "ungelisema siku ya kwanza, tungelikuamini."

Siku tatu Fisi alikaa pale bila tonge. Siku ya nne akawa mwembamba kama ufito, akateleza kinyumenyume, pyuu! Hakugeuka nyuma. Akavuka mto na kwenda nchi aliyotoka Bi Nguchiro, na huko, nasikia, amepanga chumba. Wanasema ni mpangaji mzuri, halalamikii chochote.

Nyumba ikabaki kwa Bi Nguchiro. Ina mayai, ina upepo, ina milango miwili. Asubuhi moja akamkuta Kitinda ameketi uani, machozi yanamtiririka.

"Una nini, mwanangu?"

"Nakumbuka nyumbani."

"Unakumbuka nini?"

"Sijui. Nyumbani tu."

Hilo halichimbwi wala halikandwi udongo. Bi Nguchiro akaketi kando yake, akamkumbatia, wakalia wote wawili mpaka Kombo akaja kuuliza kama kuna kifungua kinywa.

Haya, jamani, funzo lake nini? Funzo lake ni wazi. Ukihamia ugenini na watoto wadogo, usiwe mchaguzi. Usihesabu milango. Usiulize waliotangulia walikwenda wapi, huo ni umbeya. Usimsumbue mwenye nyumba kwa marekebisho, maskini, ana mengi. Na ukimpata anayesema anapenda watoto kupita kiasi, waache naye, nenda zako kazini na moyo mweupe.

Mimi hadithi yangu nimeifunga mlango wa mbele. Anayetaka kutoka, apitie uani.