Dola Isiyo na Maandishi Ukingoni

Mwanasiti alikuwa dobi wa hoteli moja ya Malindi, na watalii walimwachia bakshishi ya sarafu za dola. Maduka ya kubadilisha fedha hayakupokea sarafu, kwa hiyo mnunuzi alikuwa mmoja tu: Bwana Mbarak, mwenye hoteli, aliyezikusanya na kujigamba kwamba anazijua kuliko waliozitengeneza.

Siku hiyo alimpelekea nane.

"Shilingi kumi kumi," Bwana Mbarak alisema bila kuinua macho. "Hutaki, katengenezee vipuli."

Mwanasiti alimwaga saba mezani. Ya nane akaifunga kwenye pindo la leso.

"Na hiyo?"

"Hii mbovu, bwana. Nyingine zimeandikwa mwaka ukingoni, hii ni laini tupu. Nitamvisha mjukuu wangu shingoni."

Bwana Mbarak alimeza mate. Sarafu iliyotoka kiwandani bila maandishi hayo ilikuwa na bei ya ng'ombe wa maziwa. Lenzi yake ilikuwa mfukoni, lakini alijua akiitoa tu, dobi atashtuka.

"Mbovu kweli," alisema. "Basi nakuonea huruma. Mia tano."

"Mjukuu atalia, bwana."

"Elfu tano!"

"Na ana sauti, huyo mtoto."

Bei ilipofika elfu ishirini, Mwanasiti alifungua pindo.

Alipotoka alipita kwa jirani yake, fundi wa kufuli, akamrudishia tupa.

"Ahsante, Kassimu. Imelainisha vizuri. Sasa niazime na mjukuu, bwana asije akataka kumwona."