Siku Kitanda cha Fundi Maganga Kilipotoka Nje

Hii nimeletewa na shemeji yangu wa Tabora, naye aliletewa na mtu asiyemkumbuka. Isome mpaka mwisho, halafu mpelekee yeyote unayemjua mwenye biashara na simu ya kamera.

Palikuwa na fundi seremala mmoja, jina lake Maganga. Kazi yake ilikuwa vitanda, tena vya mninga mtupu. Mtu akinunua kitanda kwake harudi tena, kwa sababu kile cha kwanza hakifi. Hilo ndilo lililomponza. Wateja wa zamani hawakuwa na haja naye, na wapya walikuwa wananunua kwa kuangalia picha kwenye simu, wanaletewa vitanda vya mbao za kubandika ambazo zikiona maji zinavimba.

Karakana ikapoa. Maganga na mafundi wake wawili wakawa wanashinda wakinoa randa zisizo na ubao wa kuranda. Akaanza kusema atafunga, arudi kijijini kulima tumbaku, kazi aliyoikimbia ujanani na ambayo hata harufu yake hakuitaka.

Ndipo akasikia kwamba shule moja ya wasichana imejenga bweni jipya na inatafuta fundi wa vitanda. Akavaa shati lake la sikukuu, akaenda kumwona mwalimu mkuu, Mwalimu Kalunde.

"Fundi, sifa zako nazisikia," Mwalimu Kalunde alimwambia. "Lakini si mimi ninayeamua. Kamati ya shule inakaa Jumatatu asubuhi, na wajumbe wengine hawakujui. Nipe tovuti yako waone kazi zako."

"Utaipata, Mwalimu," Maganga alijibu haraka.

Alipofika getini ndipo alipojiuliza tovuti ni kitu gani hasa.

Karibu na stendi palikuwa na mama mmoja mwenye duka la steshenari, anaitwa Tunu, aliyekuwa akiwatengenezea watu tovuti. Maganga akaenda kwake, akaeleza shida yake yote, mpaka habari za tumbaku.

"Hiyo ni kazi ndogo, fundi," Tunu alisema. "Nipe picha za vitanda vyako."

"Sina."

"Hata moja?"

"Vanishi ikikauka tu, mwenyewe anakuja kukichukua. Kikishaingia chumbani kwa mtu na mkewe, nianze kubisha hodi na simu mkononi? Nitaitwaje hapa mjini?"

Tunu akaona ana hoja. Akamfungulia kwenye kompyuta mahali penye picha za bure, achague mwenyewe. Maganga akachanganyikiwa. Vitanda vilikuwa vingi mno, kila kimoja kinang'aa kuliko chenzake, na kila alipochagua kimoja aliona kingine. Alikodoa mpaka macho yakamtoka machozi.

Mwishowe alichagua kitanda kikubwa chenye shuka jeupe. Maua mekundu yalikuwa yamemwagwa juu yake, na mataulo mawili yalikuwa yamekunjwa yakawa bata wawili wanaobusiana.

"Fundi, mbona ubao wenyewe hauonekani?" Tunu aliuliza.

"Uko chini ya shuka."

"Sasa mteja atauonaje?"

"Tunu, hebu waangalie hao bata!"

Hakuishia hapo. Akataka na picha ya mwanamume na mwanamke waliovaa majoho meupe wakicheka, ili watu wajue kwamba ukilala kwenye kitanda cha Maganga unaamka na furaha. Kisha akataka na mioyo midogo myekundu ipande kwenye ukurasa kama mapovu ya sabuni. Tunu akamwambia biashara ni yake, akaviweka vyote.

Kweli bwana, simu zikaanza kuita. Maganga alifurahi kwa dakika chache tu.

"Haloo, hapo kwenu bei gani?" mtu wa kwanza aliuliza.

"Inategemea. Unataka futi tano au sita?"

"Mimi nataka cha kawaida tu. Maji ya moto yapo?"

Maganga aliitazama simu. Maji ya moto ya nini? "Kitambaa chenye unyevu kinatosha kukifutia," alijibu. Yule mtu akakata.

Wa pili aliuliza kama chai ya asubuhi imo ndani ya bei. Maganga akadhani labda wateja wa mtandaoni ndivyo walivyozoeshwa. Akamwambia akija mapema ataikuta, mama watoto huwa anachemsha.

Wa tatu alikuwa mwanamke mwenye sauti laini. "Kaka, mimi na mwenzangu tunaweza kukitumia mchana tu, halafu tukaondoka?"

"Muondoke mkiache?"

"Sasa tukibebe twende nacho wapi?"

Mkewe, Mama Shija, alikuwa hapo hapo anachambua mchele. Aliacha kuchambua.

"Baba Shija, huyo ni nani?"

"Mteja."

"Mteja wa nini?"

"Hata mimi sijui, mama," alisema Maganga, na alikuwa anasema kweli.

Jumamosi mchana alipiga Mwalimu Kalunde mwenyewe, na sauti yake haikuwa na mchezo.

"Fundi, nimeiona tovuti yako. Sikujua kama umefungua gesti."

"Gesti? Mimi?"

"Mataulo yale, maua yale, watu wamevaa majoho ya kuogea! Kwenye kamati yangu kuna shekhe na kuna padri. Nikawaambie huyu ndiye atakayelaza watoto wetu wa kike? Nakusubiri mpaka Jumatatu asubuhi. Nikikuta bado kuna mioyo inapaa, nampa mwingine."

Maganga alikaa kwenye kigoda. Sasa ndipo alipoelewa maji ya moto yalikuwa ya nini. Aliona aibu, na aliogopa. Jumatatu ilikuwa keshokutwa, na hakuwa na kitanda hata kimoja cha kupiga picha. Alichokuwa nacho ni kile alicholalia yeye na mkewe, alichokitengeneza walipooana.

"Mama Shija," alianza kwa upole.

"Najua unachotaka kusema. Hapana."

"Picha moja tu."

"Dunia nzima ichungulie chumbani kwangu? Hapana, Baba Shija."

Walibishana mpaka chakula kikapoa. Maganga akamkumbusha tumbaku. Mama Shija akasukuma sahani yake pembeni, kisha akatoa sharti lake.

"Kitoke nje. Kipigwe picha kikiwa peke yake, bila godoro, bila shuka, bila chandarua. Chumba changu kisionekane hata kona."

Maganga akakubali kabla hajamaliza kusema.

Jumapili asubuhi aliwaita mafundi wake. Kitanda kilikuwa kizito na sebule ilikuwa ndogo, kwa hiyo kabla ya kukipitisha ilibidi watoe viti, watoe meza, watoe na kabati la vyombo. Wakavipanga vyote mbele ya nyumba, na kitanda katikati. Mafundi wakaenda karakana kutafuta nta ya kuking'arishia. Maganga akapanda baiskeli kumfuata Tunu na kamera yake. Mama Shija alibaki anafagia vumbi lililojificha chini ya kitanda miaka yote hiyo. Alijifunika khanga kichwani, akakohoa sana, na alipomaliza alikaa mlangoni macho mekundu, mkono shavuni, amechoka.

Sasa wewe unayesoma, kama ni mtu wa kwetu, ushaona kosa liko wapi. Kwetu vyombo vya ndani havitoki nje hivi hivi. Viti vikitoka, na kitanda kikitoka bila godoro, ina maana ndani panafanywa nafasi ya wafiwa kukaa chini. Mume na mke wote wawili wanalijua hilo tangu utoto. Lakini walikuwa na mawazo ya picha tu, halikuwajia.

Ng'ambo ya barabara alikaa Bi Nyamizi, mwanamke mnene, mwenye huruma na sauti. Alichungulia dirishani. Akaona viti. Akaona kitanda. Akamwona Mama Shija na khanga kichwani, mkono shavuni. Akamtafuta Maganga kwa macho, hayupo.

Bi Nyamizi akashika kichwa kwa mikono miwili. "Uwiii! Jamani mwenzangu! Jamani!"

Mtaa ukaitika. Wanawake wakatoka na khanga zao, wanaume wakaja na mikeka na kuni, masufuria makubwa ya mtaa yakaletwa yanagongana. Balozi wa nyumba kumi akafika anafunga vifungo vya shati.

Mama Shija alisikia kilio akadhani kuna msiba kwa Bi Nyamizi. Akainuka kwenda kumpokea. "Nani, jamani? Ni nani?"

Hakuna aliyemjibu. Mfiwa hasimuliwi msiba wake mwenyewe, anashikwa tu. Bi Nyamizi akamkumbatia. "Jikaze, mwenzangu. Mungu ndiye ajuaye."

Hapo Mama Shija akakumbuka baiskeli. Baiskeli ile haikuwa na breki, na kila siku alimwambia mumewe aitengeneze. Akaelewa, kwa alivyodhani, kwamba wenzake wamepata habari ambayo yeye hajaipata. Alianguka chini akalia kilio cha kweli, na waliokuwa bado na shaka wakaacha shaka.

Maganga alikuwa anarudi na Tunu, anakokota baiskeli. Kutoka kwenye kona aliona watu wamejaa kwake. Akaona moshi wa kuni na masufuria. Kitu kimoja tu kilimjia kichwani: alimwacha mkewe anakohoa.

Baiskeli aliiachia ikaanguka yenyewe. "Mama Shija! Mke wangu! Jamani, mke wangu!"

Watu waligeuka. Mwanamke mmoja akatupa mwiko akakimbia. Balozi alirudi nyuma mpaka akagota kwenye kabati la vyombo. Maganga akapita katikati yao analia kama mtoto, mpaka akafika mlangoni, akamkuta mkewe chini, vumbi usoni, anamtazama.

"Ni wewe?" Mama Shija aliuliza.

"Ni mimi. Na wewe ni wewe?"

Akamshika uso kwa mikono yote miwili, mbele za watu, kitu ambacho hajawahi kukifanya tangu waoane. Kisha Bi Nyamizi akauliza kwa sauti ndogo, "Sasa aliyekufa ni nani?"

"Hakuna!" Tunu alisema. "Wametoa kitanda nje tukipige picha!"

Kicheko kilichofuata, shemeji anasema, kilisikika stendi. Watu walicheka mpaka wakatafuta pa kukaa, na kwa kuwa viti havikutosha, wanawake wakajitupa kwenye kitanda, juu ya chaga tupu. Bi Nyamizi katikati, Mama Shija pembeni yake anafuta machozi na anacheka, na wengine wakijibana kila palipobaki upenyo. Wengine walikuwa bado wanafika na vilio vyao kutoka mtaa wa pili, kwa hiyo balozi naye akapanda juu ya kitanda kile kile, akasimama wima, akapaza sauti. "Hakuna msiba! Rudisheni masufuria!"

Tunu akabonyeza.

"Usipige hivyo!" Maganga alipiga kelele. "Shukeni jamani, kipigwe kikiwa peke yake."

Lakini wingu lilikuwa limeshajikusanya, na mvua ikashuka kabla Bi Nyamizi hajamaliza kuinuka. Kila aliyekuwepo alishika kiti au mguu wa kitanda kukirudisha ndani. Mvua haikukatika siku nzima. Tunu alikuwa na picha hiyo moja tu.

"Weka, basi," Maganga alisema. Alikuwa amekata tamaa. "Angalau mataulo hayamo." Na bata wakaondolewa, na majoho, na mioyo yote.

Jumatatu simu ilipoita, alimpa mkewe aipokee. Mama Shija akamrudishia.

"Fundi," alisema Mwalimu Kalunde, "hii picha ni ya nini? Harusi?"

"Msiba, Mwalimu."

"Msiba, na watu wanacheka?"

"Hakufa mtu. Hata mimi mwenyewe sijaelewa vizuri. Nisamehe. Najua kamati imechukia."

"Kamati imecheka. Halafu padri akaacha kucheka, akaanza kuwahesabu waliokaa. Akapotea hesabu. Shekhe akahesabu upya, naye akapotea. Fundi, wasichana wangu wakisoma hawakai kwenye viti, wanarundikana kitanda kimoja na kupiga soga, na vitanda vyote vya bweni la zamani vimekatika. Hicho chako kimewabeba wamama wote hao, na bwana mmoja amesimama juu yake?"

"Huyo ni balozi, Mwalimu."

"Kililia?"

Maganga akamgeukia mkewe, na mkewe akatikisa kichwa.

"Hakikulia hata kidogo," alisema Maganga.

"Basi tunakitaka hicho hicho. Vitanda vya bweni zima. Anza leo."

Maganga akaweka simu chini, akafunika uso kwa viganja. Mama Shija akamwacha alie kwanza, ndipo akasema, "Nilikataa watu wasichungulie kitanda changu, na mtaa mzima umekikalia." Kisha akaenda kumwita Bi Nyamizi, waje wanywe chai.

Funzo: Usiazime picha ya kitu usichokitengeneza, hata kama inapendeza kuliko chako, maana itakuletea wateja wa mwenye picha. Wako waonyeshe kazi ya mikono yako, jinsi ilivyo, ikiwa imebeba watu.