Ningu Waliotembea Nchi Kavu

Jua la mwaka ule halikuwa na adabu. Lilikausha Mto Nyakuru mpaka yakabaki madimbwi mawili tu: la juu mlimani, lenye tope na vyura, na la chini penye matete. Ningu, samaki waliokuwa wakijaa kila kijito hadi ziwani, sasa walibaki dimbwi la chini peke yake, kundi dogo lenye mayai tumboni, wakingoja mafuriko wapande mto kutaga. Wakiliwa hao, ningu angebaki jina.

Simba akaita baraza, kifua mbele. "Mfalme wa mto usio na samaki ni mfalme wa matope. Nani atawalinda ningu wangu?"

Mkono wa Fisi ulikuwa juu kabla swali halijaisha.

"Wewe?" Sungura akashangaa. "Si afadhali tuupe moto kazi ya kulinda nyasi?"

"Mdogo wangu, mimi samaki hata kumnusa siwezi. Marehemu babu alikufa kwa mwiba."

Uongo mtupu. Babu yake alikufa kwa shibe, tena ukoo mzima unajivunia kifo kile.

Basi Fisi akashika lindo. Mwanzo alilinda kwa macho. Kisha akalinda kwa pua. Mwishowe akalinda kwa meno, na kwa kuwa fisi hula mpaka mifupa, hakikusalia hata kimwiba cha kutoa ushahidi. Akajiona bingwa.

Mama Ningu, mkubwa wa kundi, akatoa kichwa majini. "Bwana mlinzi, tumebaki wachache. Mvua ikija, nani atapanda mto?"

"Utapanda wewe, mama. Nimekuweka wa mwisho kwa heshima."

Simba alipokuja kukagua, akakunja uso. "Wengine wako wapi?"

"Wamehama, Mfalme," Fisi akajibu bila kupepesa. "Wamekwenda dimbwi la juu. Nimewaona wakitembea nchi kavu, wazee mbele, watoto wamebebwa mgongoni. Kwani kambare hatembei kwenye tope?"

Simba hapendi kuonekana hajui jambo. Akaitikia kwa kichwa. "Hutembea. Nilikuwa najua."

Sungura akajikuna sikio. "Hongera, kaka Fisi. Kumbe ningu wengi wako juu. Sasa mlinzi si hufuata anachokilinda? Mfalme, mpeleke huko. Mvua ikinyesha atakukabidhi wote. Hawa wachache wa hapa tutawatazama sisi tusiojua kitu."

"Imepita," akasema Simba.

Fisi akapanda mlima mkia katikati ya miguu. Kule juu akalinda vyura mpaka vyura wakamzoea, wakawa wanamkalia kichwani. Njaa ikampigia ngoma tumboni. Akalamba jiwe, jiwe halina supu. Mchana mmoja uzalendo ukamshinda, akanyemelea hadi kwenye matete ya chini, akampanulia Mama Ningu mataya.

"Shikamoo, mlinzi," ikasema sauti ya Sungura nyuma yake. "Umewaacha ningu wa Mfalme peke yao?"

"Ningu gani? Kule hakuna ningu hata wa dawa, ni vyura watupu. Mnataka nife?"

Matete yakatikisika, Simba akatokeza. "Kule hakuna ningu. Basi waliotembea nchi kavu waliingia wapi?"

Fisi akatazama kushoto, akatazama kulia, kisha, bila kutaka, akatazama tumbo lake.

Kofi alilokula lilimshusha kiuno, na mpaka leo hajakinyoosha. Akakimbilia ng'ambo ya mlima, akiwalaumu kambare njia nzima.

Mvua ilipokuja, mto ukanguruma. Mama Ningu akaparamia maji na wenzake, wachache kweli, ila matumbo yamejaa mayai. Sungura alikaa ukingoni akijisifu kwa kila aliyepita, hata kwa wasiomuuliza.

Njia ya mwongo ni fupi.