Chupa ya Bi Nyamizi na Viapo Viwili

Mwenye kikohozi na akohoe sasa, maana nikishaanza sitaki kukatizwa. Na hadithi yenyewe ni ya kikohozi.

Huko kwa wakulima wa tumbaku, katika ua wa Mihambo, waliishi watu watatu wenye vipawa. Wande, mke wa Mihambo, alikuwa na masikio: akiwa jikoni alimsikia kuku anayetaga nyuma ya bani, kile kibanda cha kukaushia tumbaku kwa moto na moshi. Sizya, mdogo wake Mihambo, alikuwa na miguu: akikanyaga baiskeli, mbwa walichoka kumfukuza. Na Bi Nyamizi, mama yao mkubwa, alikuwa na ulimi usioficha neno. Aliwahi kumwambia mwenyekiti wa kijiji, mbele za watu, kwamba mkewe anapika vizuri kuliko yeye anavyoongoza, na siku hiyo wali ulikuwa umeungua.

Bi Nyamizi alizaa watoto wanne na akawazika wote wanne. Jina lake halikuwa na wa kulibeba. Wande aliposhika mimba ya pili, bibi wa watu alianza kulitazama lile tumbo kwa tamaa, lakini neno hilo moja akaona haya kulisema.

Moshi wa bani ulimpa Bi Nyamizi kikohozi kisichokwisha. Kituo cha afya wakamwandikia dawa ya maji, chupa ndogo ya kahawia. Mtoa dawa akamwonya, "Bibi, dawa hii ni kali na ni yako peke yako. Kipimo ni kijiko hiki cha plastiki, kimoja asubuhi, kimoja jioni. Mtoto asionje hata tone. Akiugua, mleteni tumpime."

Bi Nyamizi akaitikia. Siku ya tatu kijiko cha plastiki kilipotea, akaanza kutumia cha uji.

Haikupita wiki, Kalunde, binti wa Mihambo, mtoto wa miaka minne aliyeimba kutwa kucha, naye akaanza kukohoa. Mama yake alikuwa shambani akichuma majani. Bibi akamhurumia. Akaona kinachomtuliza mzee kitamtuliza na mtoto, mradi kipunguzwe. Akampa nusu kijiko cha uji asubuhi. Adhuhuri kikohozi kikarudi, akampa nusu nyingine. Safari hii kikakoma kabisa. Bibi akafurahi, akamfunika khanga.

Wande aliporudi alasiri alisimama mlangoni, kapu bado kichwani.

"Mama, mbona anapumua hivi?"

"Amepumzika. Kikohozi kimemwachia."

"Hapana. Yeye akivuta pumzi moja, mimi nimevuta tano."

Bibi hakusikia lolote la ajabu, na mtu mwingine asingesikia. Wande alimwinua mtoto, shingo ikalegea. Akapiga yowe. Bila masikio yale, Kalunde angelala hapo mpaka apoe.

Sizya alitoka banini mbio. Akampakia Bi Nyamizi nyuma ya baiskeli, mtoto mapajani, maana Wande na tumbo lake asingeweza. Njiani kuna kilima cha mchanga ambacho kila mtu hushuka na kukokota. Sizya hakushuka. Alifika kituoni akatapika, akaanguka magoti. Bila miguu ile, wangefika na maiti.

"Amekunywa nini mtoto huyu?" tabibu aliuliza.

"Sijui," Sizya alisema. "Nilikuwa kazini."

Ndipo akaingia Mihambo, aliyekuwa sokoni karibu na hapo, tumbaku yake ikipimwa. Alimwona mwanawe, akashika mwimo wa mlango, akaapa. "Atakayekuwa amemrudisha mwanangu, mtoto aliye tumboni atachukua jina lake. Na kama kuna mkono uliompa kitu kibaya, mwenye mkono huo hatalala uani kwangu tena. Naapa kwa kaburi la mama!"

Ulimi wa Bi Nyamizi, ule usioficha neno, ukaganda.

Tabibu alidhani ni malaria. Akamtoboa mtoto kidole, akaweka kipimo mezani, akasema wasubiri robo saa. Bi Nyamizi alisubiri, chupa imefungwa kwenye pindo la khanga yake. Aliwaza atakwenda wapi na uzee huu. Akaomba iwe malaria. Ndiyo, jamani, alimwombea mjukuu wake malaria.

Haikuwa malaria. Midomo ya Kalunde ilikuwa inageuka rangi. Bi Nyamizi akaiweka chupa mezani.

"Ni mimi. Nusu kijiko cha uji, asubuhi. Nusu nyingine, adhuhuri."

Tabibu akaruka. Akamsukumia mtoto hewa, akamdunga sindano ya kuvunja nguvu ya dawa ile. Bila ulimi ule, angeendelea kutibu ugonjwa usiokuwepo.

Kalunde alifumbua macho. Lakini hakurudi mzima. Anatembea, anakula, anacheka. Haimbi, wala hasemi neno hata moja. Tabibu alisema ubongo ulikosa hewa.

"Aliikosa wapi?" Mihambo aliuliza. "Nyumbani, njiani, au katika ile robo saa?"

"Hakuna kipimo cha kujua hilo."

Bi Nyamizi hakungoja kufukuzwa. Alihamishia mkeka wake nje ya ua, kwenye bani la zamani.

Wande akajifungua salama, mtoto wa kike. Siku ya saba wakakutana kumpa jina.

"Nisingesikia mimi, nani angekimbia?" Wande alisema.

"Nisingefika mimi," Sizya alisema, "ukweli wa mama mkubwa ungesemwa mazishini."

Bi Nyamizi alisimama nje ya ua, hakuvuka. "Nisingesema, msingekuwa na wa kumbishania. Lakini chupa ilikuwa yangu, na robo saa nilinyamaza kwa kuogopa. Hilo nalo ni langu."

Mihambo alimpakata mtoto asiye na jina. Kalunde akachukua bakuli la uji, akampelekea bibi yake. Bibi akalipokea, akakohoa.

Kiapo kimoja kinaliita jina lake ndani, kingine kinamfukuza mwenyewe, na mdomo ulioapa ni mmoja. Haya, mlionisikiliza: mtoto aitwe nani, na Bi Nyamizi alale wapi?

Msinijibu upesi. Yeye mwenyewe ilimchukua robo saa.