Mgongo wa Nyamvula

Paukwa.

Pakawa.

Pakawa gani hiyo? Itikeni kama watu waliokula. Paukwa.

Pakawa.

Na wewe uliyekaa karibu na jiko, acha kucheka puani. Nimetaja tu kwamba hadithi ya leo ina nyani mwenye nyumba na nyumba ina mlango, tayari umemkonyeza mwenzio. Nani kakwambia nyani hafungi mlango? Ulikwenda kwao ukaukuta wazi? Asiyeamini atoke sasa hivi, uji wake tutaunywa sisi. Aliyebaki afumbe mdomo.

Basi. Zamani hizo za kale, wanyama walipokuwa wakioana kwa washenga, palikuwa na nyani jike, jina lake Nyamvula. Mtoto hakuwa naye. Alikuwa na kaka, kaka alikuwa na mke, mke aliitwa Mashavu. Mashavu akazaa mtoto wa kike, wakamwita Tunu.

Mwaka huo mvua ikagoma. Mto ukakauka. Wakachimba mchanga, wakapata tope. Wakachimba tope, wakapata mawe. Wakubwa wakasema, tunahama. Tunaivuka mbuga iliyoungua, tunakwenda milima ya ng'ambo kwa nyani wenzetu, tukaombe pa kukaa.

Hapo Mashavu akaanza shughuli. Mtoto atambeba kwa kitu gani?

Akaenda kwa Kakakuona. Kakakuona akageuka, akamwonyesha shina la mkia. "Wangu anapanda hapa, mama. Nikienda anakwenda. Nikijikunja yumo ndani." Mashavu akautazama mkia wake mwenyewe, mwembamba kama kamba ya mbuzi. Akaondoka.

Akaenda kwa Popo. Popo alikuwa ananing'inia kichwa chini, kitoto kimemng'ang'ania kifuani. "Ananyonya humu humu njiani," Popo akasema. "Wakati mwingine sijui kama nimembeba yeye au ni mwili wangu tu."

"Na manyoya? Hayang'oki?"

"Yanang'oka. Kwani nayapeleka wapi?"

Mashavu akaondoka.

Akaenda kwa Mnana, yule ndege wa manjano anayefuma viota. Mnana akamtolea kikapu. Kimesukwa kwa majani laini, kina mkanda wa begani, ukingoni kimepambwa kwa magamba ya konokono. Ukikitikisa kinalia, cheke, cheke, cheke.

"Hiki, bibi mzuri, hakikuvuti manyoya," Mnana akasema. "Hakikuloweshi. Ukichoka unakitua chini, unapumzika. Utafika ugenini umechana nywele vizuri, wenyeji waseme huyu katoka kwao na heshima zake."

Nyamvula alikuwa amesimama pembeni. "Wifi," akasema, "mtoto wa nyani ana mikono. Mwache ashike."

"Ashike nini? Aninyonyoe nifike kwa watu kama kuku wa mdondo?"

"Wenzio wote wamenyonyolewa."

"Wewe hujanyonyolewa," Mashavu akasema. "Ndiyo maana maneno hayakuishii. Zaa kwanza, wifi, ndipo unifundishe."

Neno hilo Nyamvula alikwisha kulisikia mara nyingi. Halikumpata mahali pengine, lilimpata palepale.

Safari ikaanza. Majivu matupu. Miguu, kacha, kacha, kacha. Kikapu, cheke, cheke, cheke. Madume mbele, majike nyuma. Kila mama na wake, huyu tumboni, yule mgongoni, na kila mama neno lake ni moja: shika, usiachie. Tunu peke yake ndiye hakuambiwa neno hilo. Alikaa ndani ya kikapu kama bibi harusi, akila matunda, mikono mapajani. Watu wakakisifu kikapu. Nyamvula, anayetembea nyuma yake, alikuwa anaitazama ile mikono. Laini, mizito, haijui kazi.

Jua likawa kali. Wakafika kwenye jabali, wakakaa kivulini. Bega la Mashavu lilikuwa linauma. Akakitua kikapu chini ya kichaka, kama alivyoambiwa na Mnana, akasogea kidogo apate upepo.

Kichaka kikasema, hrrr.

Chui.

Wote juu. Hakuna aliyewaza. Kila mama aliruka, na kila aliyeruka aliruka na mtoto wake, maana mtoto alikuwa ameshika. Mashavu naye akaruka. Aliruka vizuri kuliko wote, mwepesi. Alipofika juu ndipo alipojipapasa kifua, akajipapasa mgongo.

"Kikapu," akasema.

Mmesikia alichosema? Kikapu.

Nyamvula akashuka. Hakutumwa. Kaka yake alikuwa huko juu, akitazama. Akashuka mwenyewe, akamtoa mtoto kikapuni, akamweka kifuani. "Shika," akasema. Tunu akamtazama. "Shika, mwanangu." Mikono ikateleza kama kamba mbichi. Mtoto hakujua. Alikuwa na vidole kumi na hajui vya nini.

Basi akamkumbatia kwa mkono wa kulia, akakimbia kwa miguu mitatu. Tapu-tapu-ta. Tapu-tapu-ta. Nyani wa miguu mitatu mnajua mbio zake? Chui akamfikia chini ya jabali, akamchana mgongo toka bega hadi kiuno. Nyamvula hakugeuka. Akapanda kwa mkono mmoja, wa kushoto, vidole kwenye ufa wa jiwe, uzito wa wawili juu yake. Vidole vikalia, ka, ka. Wakamvuta.

Mashavu alilia. Alilia kweli, tusimwonee. Kisha chui alipokwenda zake akashuka, akakiokota kikapu, akakipangusa majivu.

"Kaa naye kidogo, wifi," akasema. "Bega bado linaniuma."

Kidogo hiyo ikawa safari nzima. Nyamvula akampandisha mtoto mgongoni. Mtoto akaanguka, pu. Akampandisha tena. Pu. Mahali pa kushika palikuwa pale penye kidonda, kwa sababu kwingine kote kulikuwa kunateleza. "Shika. Kaza. Usiachie." Mtoto akajifunza. Manyoya yakang'oka mashada mashada, ngozi ikang'oka nayo, na kidonda kikawa kila kikitaka kufunga kinafunguliwa. Walipofika milima ya ng'ambo Tunu alikuwa anashika kama kupe. Mgongo wa Nyamvula ulibaki na vipara na makovu, na vidole vya kushoto vikakauka vikiwa vimepinda. Mashavu aliingia amechana nywele, kikapu begani, cheke, cheke. Wenyeji wakasema, huyu katoka kwao na heshima zake.

Miaka ikapita. Tunu akakua, akapendeza, akachumbiwa na nyumba kubwa ya wenyeji. Lakini hata akiwa mkubwa, akiogopa alikuwa anakwenda kwa shangazi yake, anamshika palepale mgongoni.

Sasa sikilizeni mila yao. Siku ya harusi mshenga huja na kitambaa kipya cha mbeleko. Anauliza mbele ya watu, mgongo uko wapi? Bibi harusi anamwekea mkono yule aliyembeba, na kitambaa kinafungwa kwenye mgongo huo. Na aliyefungwa mbeleko halali njaa tena. Binti na mumewe wanamchimbia mizizi mpaka afe. Nyamvula kwa vidole vile alikuwa hachimbi kitu. Alikuwa anakula makombo ya kaka yake, na Mashavu alikuwa anayapima kwa macho.

Kwa hiyo siku hiyo alioga. Akajichana pale palipokuwa na cha kuchana. Akaingia nyumbani kwa kaka yake, pango lenye mlango wa mbao, limejaa wageni. Tunu alipomwona akamvuta karibu. "Simama hapa, shangazi. Naogopa." Akapeleka mkono wa kushoto nyuma, akamshika palepale. Nyamvula akasikia vidole. Akatulia.

Ukutani kile kikapu kilikuwa kimetundikwa, kimepakwa mafuta. Mnana alikuwa amealikwa, amekaa juu yake, anawaambia wageni, "Humu ndimo alimokulia."

Mshenga akasimama. Nyani mzee, mpole. "Mgongo uko wapi?"

Akauliza mara ya pili.

"Mgongo uko wapi, binti?"

Tunu akanyoosha mkono wa kulia. Mkono ukapita mbele ya uso wa Nyamvula. Ukatua begani kwa Mashavu.

"Mgongo ni huu."

Vigelegele. Mshenga akakikunjua kitambaa, akamfunga Mashavu kwenye mgongo mzima, laini, usio na hata mkwaruzo. Kaka mtu akawa anatazama miguu yake.

"Tunu," Nyamvula akasema, polepole.

"Shangazi, usinifanyie hivyo, watu wanatazama." Bibi harusi alikuwa ananong'ona huku anatabasamu kwa wageni. "Wakiuona mgongo wako watauliza chui alikuwa wapi na mama alikuwa wapi. Nitawaambia nini? Yeye ataaibika. Wewe umeshazoea."

Na mkono wa kushoto bado ulikuwa umeshika.

Kabla sijamtoa nje, chukueni funzo, maana nikishamtoa sina la kuongeza. Mama unayesafiri na mtoto mdogo, chagua kibebeo kinachokuacha usikie pumzi yake na kisichokupa nafasi ya kumsahau chini. Ukiona safari imekuwa nyepesi, uliza ule uzito kaubeba nani. Na wewe unayembeba mtoto wa mwenzio, mbebe kwa kuwa asipobebwa atakufa. Kitambaa usikingojee.

Haya. Nyamvula akapeleka mkono nyuma, ule wa vidole vilivyopinda, akavigusa vidole vya Tunu.

"Achia," akasema.

Havikuachia. Vilifundishwa vikajua. Akavifungua mwenyewe, kimoja kimoja, akaurudisha ule mkono kwa mwenyewe.

Hadithi yangu haitamfuata. Imebaki humo ndani na wale wenye vigelegele, na humo imeishia. Yeye akatoka, akaufunga mlango.