Ngoma ya Mfalme Ndovu

Paukwa!

Pakawa!

Haya sogeeni, wajukuu zangu. Hapo kale wanyama walikuwa na mfalme, Ndovu, na waziri wake, Fisi. Mfalme alikaa kitini tu, anayetawala ni waziri. Na waziri naye yupo kwa radhi ya baraza: likimkataa, anaondoka. Kazi ya Ndovu ilikuwa ngoma. Akiipiga, baraza linavunjika, kila mnyama kwao, siku saba.

Mwaka huo jua likawaka, Fisi akakifunga kisima cha wote. Anakunywa yeye na shemeji zake! Mama Kanga alikuwa na vifaranga watatu, midomo imewakauka, wanalia, "Maji, mama, maji!" Akaenda barazani akapaza sauti, "Tumkatae Fisi leo hii!" Baraza zima likaitikia, "Tumkatae!"

Fisi huyoo, mbio kwa mfalme. "Bwana mkubwa, piga ngoma."

"Waziri akisema piga, mimi napiga," akasema Ndovu. Ti! Ti! Ti! Baraza likavunjika.

Siku ya nane wakakusanyika tena. Fisi huyoo, mbio tena. "Piga ngoma."

"Waziri akisema piga, mimi napiga." Ti! Ti! Ti!

Wiki hiyo kifaranga mdogo wa Kanga akafa. Kiu, jamani. Kiu, na maji yapo!

Mara ya tatu Kanga hakupitia barazani. Alikwenda moja kwa moja kwa mfalme, akamkuta Fisi ameshafika, akaingia bila hodi.

"Waziri akisema piga..." Ndovu ameshaanza.

"Waziri wa nani?" Kanga akafoka, manyoya yamemsimama. "Masikio kama nyungo, husikii baraza limemkataa? Muulize, nyuma yake yuko nani!"

Ndovu akamgeukia Fisi. "Nyuma yako yuko nani?"

Fisi akacheka, he he he. "Shemeji zangu."

"Basi leo sipigi."

"Lakini hujawahi kukataa!"

"Sijawahi. Na sipigi."

Baraza likakaa, Fisi akatolewa, kisima kikafunguliwa. Kanga akawa anawanywesha wale wawili waliobaki. Ndovu akaja, akasimama pale, anangoja.

"Mama Kanga, husemi hata asante? Si nimekataa?"

Kanga hakuinua kichwa. "Umekataa, mfalme. Kumbe ulikuwa unaweza. Sasa zile mara mbili ulishindwa nini?"



Na mimi hadithi yangu nimeimalizia hapo, naye Ndovu bado amesimama.